Bi Mbeyu na Chumba cha Tononoka

"Tom ni nani?"

Charo aliuliza polepole, simu ya Mbeyu mkononi. Mbeyu alikuwa akikuna nazi, na ni yeye aliyemwomba amsomee ujumbe ulioingia. Ujumbe wenyewe ulisema: *Chumba nimekipata, hapa hapa Tononoka. Njoo kesho saa nne.*

Mbeyu akaacha kukuna.

"Ni kijana anayenifundisha."

"Akufundisha nini, huko chumbani?"

"Kamera za dijitali."

"Wewe? Wewe wa kufundishwa picha?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, aliyetaka picha ya kutundika ukutani alikwenda studio ya Bi Mbeyu, Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Filamu alizisafisha mwenyewe, gizani. Kisha dijitali ikaja, wateja wakapukutika, akafunga mlango na kuanza kuuza viazi vya karai nje ya nyumba yake. Ni kwenye viazi hivyo Charo, mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe, alipomjua. Alikuja kununua, akawa anakawia kuondoka. Sasa posa ilikuwa imekubaliwa, na baada ya harusi wangehamia Kilifi, alikokuwa amejenga.

"Mbona hukunambia?"

"Kwa sababu kila unayekutana naye wamwambia Mbeyu amestaafu, anakwenda kupumzika Kilifi. Mimi sijachoka, Charo."

"Na huyo Tom?"

"Kesho twende sote, ukamuone."

Charo alikwenda akiwa na maneno makali tayari mdomoni. Akamkuta kijana mpole wa miwani, mwalimu wa kompyuta, na mkewe Stacy aliyewakaribisha kwa chai. Chumba cha kufanya studio kilikuwa ghorofani: ukuta mweupe, dirisha kubwa na kiti kimoja. Juu ya kiti alikuwa ameketi Bi Rispah, mteja wa Mbeyu wa viazi, mama ambaye kiharusi kilimlegeza upande mmoja wa uso. Tangu augue hakuwa amekubali kupigwa picha.

"Nipige upande mzuri tu," alisema, akijifunika shavu kwa leso.

"Kwanza nambie habari za yule mjukuu wako. Bado hataki kuoga?" Mbeyu aliuliza.

"Huyo? Jana amejificha ndani ya pipa. Tumemtafuta mtaa mzima, kumbe anatuchungulia."

Rispah akaanza kucheka, leso ikateremka bila yeye kujua. Mbeyu alikuwa amesogea karibu na dirisha, kamera jichoni, akipiga taratibu. Kisha akapiga goti mbele ya kiti na kumwonyesha.

Rispah aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Ni mimi kweli," alisema. "Hebu nionyeshe tena."

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa mengine. Mbeyu alibonyeza pasipo pake, picha ikatoweka. Tom akairudisha, Mbeyu akaipoteza tena, akajicheka, akaanza upya. Charo alimtazama mwanamke wa umri ule akijifunza kama msichana, na yale maneno makali akayameza.

Walipotoka, Mbeyu alisimama mlangoni.

"Zamani nilimpa mtu bahasha ya picha, akaenda kuifungulia kwao. Sikujua kama alifurahi au alilia. Leo nimemuona Rispah akijiona. Charo, wewe nakutaka. Kilifi siitaki."

Kesho yake Charo alikwenda Kilifi peke yake, na siku zikapita bila kumpigia.

Nyumba ilikuwa nzuri, rangi yake ingali mpya. Aliketi barazani, akampikia mgeni asiyekuwepo, akala peke yake. Mwishowe akapiga simu.

"Mbeyu."

"Naam."

"Nimeshinda hapa nikijaribu kukuona kwenye nyumba hii. Kila nikikuona, umeketi tu, mikono mapajani. Sikuipenda sura ile."

Charo akaendelea kabla hajajibiwa.

"Nyumba nimempangisha mwalimu mmoja wa huku. Tutafutie vyumba viwili Tononoka."

"Usije ukanilaumu baadaye."

"Nikikulaumu, unifukuze nirudi huku."

Hapo Mbeyu akacheka, kisha akalia, na Charo akasubiri mpaka amalize.

Walifunga ndoa kanisani mwezi uliofuata. Jumatatu asubuhi, bibi harusi alikuwa ghorofani tayari, na foleni ya wateja imeshuka ngazi hadi barabarani. Charo alikuwa chini akiwapangia viti. Ngumbao, rafiki yake wa reli, akapita, akasimama.

"Charo, si ulijenga Kilifi wewe?"

"Nilijenga."

"Mbona basi uko hapa?"

Charo alimvutia mama mmoja kiti, akampangusia vumbi, ndipo akajibu.

"Mke wangu ana kazi huku."