Mama Aliyefungiwa Garini Siku ya Posa

"Birago, nakuuliza mara ya pili. Vinywaji hivi vya akina Ampem, tuvipokee au tuwarudishie wenyewe?"

"Vipokeeni, shangazi."

Vigelegele vikapasua turubai. Shangazi Pokuaa, msemaji wa upande wa bibi harusi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika Kumasi nzima, akazungusha kiuno kidogo kisha akainua tena zile chupa mbili. Swali huulizwa mara tatu. Bibi harusi akishajibu la tatu, basi, mwenye neno alimeze.

"Haya, mara ya mwisho..."

"Nani amenifungia?"

Sauti ilitokea getini. Watu wakageuka. Bibi mmoja alikuwa anaingia, jasho linamchuruzika, kitenge kakivaa ndani nje, kiatu mguu mmoja.

"Nani amenifungia kwenye gari? Fosuaa yuko wapi?"

Mama Fosuaa, aliyekuwa amejaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi na dhahabu zake shingoni, akadondosha upepeo wake. Lakini aliyemshtua Birago ni Ampem, bwana harusi mwenyewe. Kila mtu aligeuka kumtazama yule bibi. Ampem hakugeuka.

"Ampem, nani huyu?"

"Ni jirani tu. Kichwa chake si kizima."

Bibi akampita mjomba wa Ampem, akampita Fosuaa, akaenda moja kwa moja kwa Ampem na kumshika shavu.

"Mwanangu, nina kiu."

Watu wa nyuma wakanyanyuka vitini kuona. Hata mpiga picha alishusha kamera.

Birago alichukua maji mezani, akamketisha yule bibi na kumshikia glasi. Mikono ya bibi ilikuwa ya moto kama sahani iliyotoka jikoni. Dereva wa akina Ampem alichungulia kutoka nyuma ya nyumba, sahani ya pili ya wali wa jolofu mkononi, akaona mambo, akarudi alikotoka.

"Unaitwa nani, mama?"

"Akyaa. Nani amenifungia kwenye gari?"

"Ampem," Birago alisema bila kumtazama, "uliniambia mama yako mzazi ni huyu Mama Fosuaa."

"Mdogo wa mama ni mama. Amenilea. Kwetu na kwenu ni hivyo hivyo, Birago, usijifanye mgeni."

"Ni mama, sikatai. Ila huyu naye ni nani? Jirani?"

Ampem akatazama viatu vyake.

"Wewe unasikia injini ikikohoa huko barabarani, unaujua ugonjwa wake kabla haijafika gereji kwako huko Suame. Mama yako anagonga kioo juani, hukusikia?"

"Iiih!" wakaguna wanawake wa nyuma, na mmoja akasogeza kiti mbele asikose kitu.

Mjomba Nsiah, mkubwa wa ukoo wa Ampem, akasimama na fimbo yake. "Binti, punguza sauti. Wazazi wako walituma watu kutuchunguza, kama desturi ilivyo. Kuna kifafa? Kuna wazimu? Nani angetoa mtoto aolewe kwenye nyumba yenye maradhi ya kichwa? Na huyu dada yangu hata si mgonjwa. Amechezewa, au anachezea wengine. Kuna mchungaji amesema atamwombea mpaka atapike."

"Atapike nini, mjomba?"

"Uchawi."

Birago akanyanyuka polepole. Yeye ni mtafiti wa ubongo. Ujana wake wote umeishia kwenye maabara, amepinda mgongo juu ya darubini kwa ajili ya ugonjwa huu huu wa usahaulifu.

"Mjomba, sikiliza vizuri. Ndani ya ubongo kuna seli za ulinzi. Kazi yao ni kufagia uchafu na kufukuza wavamizi. Uchafu ukizidi, zinapandwa na hasira zisijue kuacha. Zinaanza kutafuna nyaya za nyumba ile ile ziliyopewa kulinda. Hicho ndicho kinachomla mama huyu."

"Askari kula nyumba aliyopewa kulinda?" Mjomba akacheka. "Sasa huo si uchawi ni nini?"

Baadhi wakacheka naye. Birago hakucheka.

"Na dawa unayo, daktari?" mjomba akauliza.

"Sina."

"Daktari gani hana dawa!"

"Panya wangu wanapata nafuu kidogo. Binadamu bado. Lakini najua haitibiwi kwa kufungiwa garini kama mbuzi wa sikukuu! Mlinzi wake ulikuwa wewe, mjomba. Na wewe, Ampem. Mmegeuka, mnamtafuna nyie!"

Ndipo jambo jingine likamjia, likamchoma kuliko yote. Jioni zote zile Ampem alizomletea chakula maabara, akainama kwenye darubini kuzitazama zile seli, akauliza maswali mpaka wenzake wakamtania kwamba anataka shahada.

"Uliniuliza, zikishakasirika hivi hazitulii tena? Nikakujibu kama namjibu mwanafunzi. Kumbe ulikuwa unaniuliza habari za mama yako!"

"Ndiyo." Ampem akainua macho. "Niliogopa, Birago. Ukishajua ugonjwa uko kwetu, utaanza kunitazama kama unavyotazama vile vioo vya darubini yako. Nikisahau funguo, utahesabu. Nikisahau jina, utahesabu."

"Mimi sikukutazama kwa darubini. Nilikutazama kwa macho ya mpenzi. Ndiyo maana sikuona kitu, mjinga mimi." Akafuta uso kwa kiganja. "Shangazi, niulize la tatu."

"Mwanangu, tungekaa kwanza ndani..."

"Niulize!"

"Tuvipokee au tuwarudishie?"

"Warudishieni."

Jioni ujumbe wa Ampem ukaanza kuingia kwenye simu ya Birago.

"Mpenzi, pokea."

"Nakuomba dakika moja tu."

Birago akaandika: "Mama amekula?"

Ampem akajibu: "Ngoja niulize."

"Usiulize. Kamlishe."

Kesho yake: "Amekula. Supu ya karanga. Nimehamia kwake. Mjomba nimemwambia mchungaji wake asikanyage."

"Vizuri."

"Hasira zimepungua?"

"Hapana. Ulimkana mbele ya watu. Ukitaka kurudi, rudi naye, na kila atakapouliza, jibu mbele ya watu hao hao. Ukweli wote."

"Lakini Birago, yeye huuliza tena na tena."

"Najua. Ndiyo kazi yangu."

Wakarudi. Turubai lile lile, na umati umeongezeka maradufu, maana habari za gari zilishafika kila kibanda cha kusukia nywele. Kiti cha mbele alikaa Mama Akyaa, kitenge kimenyooka. Fosuaa alikaa pembeni yake, anampepea.

"Ampem," bibi akauliza kwa sauti, "tumefuata nini hapa?"

Ampem akasimama. "Tumekuja kuomba mke, mama. Tulikuja mara ya kwanza nikakufungia garini, nikasema wewe si mama yangu. Nimekosa. Leo nimekuja na wewe."

"Mtoto mpumbavu," bibi akasema, akamvuta sikio. Watu wakaangua kicheko.

Chakula hakijatoka, bibi akauliza tena. Ampem akasimama tena, akasema yale yale, hakukata hata neno. Kicheko kikawa kidogo. Alipouliza tena, hakucheka mtu. Mjomba Nsiah alikuwa anachora ardhi kwa fimbo.

Shangazi Pokuaa akamwinamia Birago. "Mtoto wangu, huyu kijana atasimama mpaka lini?"

"Niulize sasa."

Mara ya kwanza, vipokeeni. Mara ya pili, vipokeeni. Shangazi akainua chupa.

"Mara ya tatu, Birago. Tuvipokee au tuwarudishie?"

"Vipokeeni," Birago akasema, macho makavu yamemkazia Ampem. "Ila hasira yangu naingia nayo kwake, shangazi. Iandaliwe chumba."

Vigelegele vikalipuka. Katikati ya kelele hizo Mama Akyaa akamgusa mwanawe mkono.

"Tumefuata nini hapa?"

Ampem alikuwa ameshasimama.