Msifukie Kwanza

Kila asubuhi Paskazia alifagia mbele ya banda lake la chakula. Kisha alimwaga majivu juu ya majitaka. Majivu yalilowa, harufu ikabaki palepale. Chemba ya majitaka ya mtaa ilikuwa karibu kabisa na jiko lake, na ilifurika kila kukicha.

Mabomba ya majitaka ya mji wa Mwandulu yalilazwa enzi za kiwanda cha pamba. Kiwanda kilikufa, watu wakaongezeka, mabomba yakabaki yaleyale. Bomba nalo huzeeka, ila halioti mvi tukaziona.

Paskazia, au Mama Loveness kama wengi walivyomwita, alijua kupika. Madereva wa bodaboda na wachimbaji wa upande wa Bulyanhulu walikuja kwake kula ugali kwa sato. Lakini siku hizo wateja kadhaa waliugua tumbo. Maneno yakaenea mtaani: "Chakula cha Paskazia kinaharisha." Maneno hayo yalimchoma moyo.

Bwana afya akaja, akakagua, akatikisa kichwa. "Mama, nitarudi wiki ijayo. Nikikuta hali ni hii, nafunga banda."

Banda hilo ndilo lililomlisha Paskazia na kumsomesha Loveness. Likifungwa, hana pengine pa kushika.

Kwa hiyo mkandarasi alipokuja kuchimba mtaro na kubadilisha kipande cha bomba, Paskazia alipiga vigelegele. Marcel, msimamizi wa vibarua, aliifanya kazi mbiombio. Bomba jipya likalazwa. Kilichobaki ni kufukia tu.

"Bado, Mama Loveness," alisema Marcel. "Tunamsubiri mhandisi mshauri apime. Anakuja kesho."

"Ndiye nani huyo?"

"Halmashauri imeajiri wahandisi washauri wasimamie kazi yetu."

"Yule dada wa kofia nyeupe? Hashiki hata sepetu! Marcel, mteja gani ataruka mtaro aje kula? Na bwana afya yuko njiani. Fukieni, baba."

Akawapakulia vibarua wali na nyama. Waliposhiba, Marcel naye akalegea. Jioni mtaro ulikuwa umefukiwa, na Paskazia alilala usingizi mzito.

Kesho yake mhandisi Agatha alifika. Aliutazama udongo mbichi, akamtazama Marcel. Marcel akatazama viatu vyake.

"Fukueni," alisema Agatha.

Paskazia alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Fukueni? Wewe unalipwa kusimama tu, sisi tufe njaa?"

"Shikamoo, mayu," alisema Agatha, akimwita mama kwa Kisukuma.

Salamu ni deni. "Marahaba," alijibu Paskazia, shingo upande.

"Mayu, ng'ombe wa mahari ya binti yako wakija, nani atawakagua?"

"Watu wetu."

"Kwa nini si watu wa bwana harusi? Si ndio wanaowaleta?"

Paskazia alicheka bila kupenda. "Watuletee vikongwe, watuambie ni mitamba!"

"Basi, mkandarasi ndiye analeta ng'ombe. Mimi ni mkaguzi wa upande wenu. Bomba likishafukiwa, nitakagua udongo?"

Mzee Nkwabi, fundi baiskeli wa jirani, alikuwa amesogea kusikiliza. "Lakini binti, huo ukaguzi nao ni gharama. Si tungewaamini mafundi tu?"

"Ni gharama kweli, baba. Lakini bomba hili linatakiwa kukaa ardhini miaka mingi. Kosa likizikwa leo, mwakani tutachimba tena, na kuchimba mara mbili ni ghali zaidi. Tena ramani za zamani zilipotea. Kabla ya kazi tulipitisha kamera ndani ya mabomba, tukajua lipi limepasuka na lipi bado linafaa. Si kila bomba la zamani ni la kutupa."

Mtaro ukafukuliwa. Vibarua waliziba bomba upande wa chini, wakalijaza maji. Agatha akaweka alama ndani ya chemba, pale maji yalipofikia. Wakasubiri. Paskazia aliomba kimoyomoyo maji yasishuke, amwone huyo dada akiaibika.

Maji yakashuka. Mtaro ulilowa pale bomba jipya la plastiki lilipoungana na lile la zamani la saruji. Marcel hakuweka mpira wa kuzuia kuvuja. Alipaka saruji tu, kwa haraka yake.

Paskazia aliinama. Chini ya maungio hayo aliona bomba jembamba la chuma, limeliwa na kutu. "Hili je?"

"La maji safi," alisema Agatha. "Linakwenda kwako. Maji ya mgao yakikatika, bomba hili hubaki tupu, na majitaka yaliyovuja kutoka bomba la zamani hupenya kwenye matundu. Maji yakirudi, huusukuma uchafu mpaka kwenye ndoo yako. Maji ya kunywa ya wateja unayachemsha?"

Paskazia aligeuka, akatazama meza zake. Majagi yaliyokuwa juu yake alikuwa akiyajaza moja kwa moja kutoka bombani.

"Kumbe ni maji," alisema. Alikaa juu ya kifusi, akalia. "Chakula changu kilikuwa kisafi. Na mimi mwenyewe ndiye nimetaka bomba linalovuja lizikwe!"

Tangu siku hiyo alichemsha maji yote ya kunywa. Marcel aliunganisha bomba upya, safari hii kwa mpira. Mafundi wa maji waling'oa lile bomba la kutu, wakalaza jipya la maji safi, mbali na la majitaka. Agatha akapima tena. Maji yakatulia kwenye alama.

"Sasa mnaweza kufukia," alisema.

Marcel akainua sepetu.

"Ngoja!" Paskazia alikuja mbio. "Msifukie kwanza."

"Mama Loveness, si ulikuwa na haraka?"

"Nilikuwa nayo. Wateja wangu wanakuja mchana. Lile bomba la kutu liwekeni hapa juu, walione."

Wakaja, wakauruka mtaro mmoja mmoja. Paskazia aliwasimamisha ukingoni, akawaonyesha kwa mwiko: majitaka yalivujia hapa, yakaingia hapa, yakafika mezani. Watu waliguna. Mmoja wao, aliyekuwa ameyaeneza yale maneno mtaani, aliomba radhi.

Bwana afya naye akafika. Aliinama, akalikagua bomba la kutu. Akauliza kuhusu maji ya kunywa, akaonyeshwa sufuria ya maji yaliyochemshwa, imefunikwa. Kisha akavuta benchi, akaketi katikati ya wateja.

"Niletee ugali na sato," alisema.

Paskazia alimgeukia Marcel. "Haya, fukieni."