Wiki Tatu za Jikoni

Saa kumi kamili alasiri, katika nyumba elfu kumi na mbili za jiji la Mbeya, sauti moja ilisema kwa wakati mmoja, "Haya mwanangu, tuanze." Watoto elfu kumi na mbili wakaacha walichokuwa wakifanya, wakavuta viti, wakafungua madaftari. Hakuna mzazi aliyegomba, wala mtoto aliyesema ngoja kwanza.

Kifaa chenyewe kiliitwa Mwandani. Kilikuwa kipete chembamba cha kuvaa nyuma ya sikio, chepesi kiasi kwamba mtoto alikisahau baada ya siku mbili. Kilisoma mapigo ya damu na mwendo wa macho, kikajua akili inataka kutoroka kabla mwenyewe hajajua, na hapo kikamgusa shingoni kama kwa ncha ya kidole ili arudi kazini. Kilisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, na kilijua wakati wa kurudia somo la juzi na wakati wa kupumzika. Tuisheni ya zamani, ya mwalimu kupiga hodi na mkoba wake begani, ilikuwa imekufa ndani ya miaka mitano.

Sauti ile ilikuwa ya Mwalimu Tulinagwe, bibi aliyefundisha tuisheni nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi. Miaka sita nyuma, Injinia Ambokile, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimwomba avae vinasa mwilini kila anapofundisha, kwa miezi minne, ili ujuzi wake usizikwe naye. Mwalimu alikubali kwa moyo mweupe. Alichokuwa akikipata mtoto mmoja sebuleni sasa kingepatikana kwa watoto wa jiji zima, na hilo lilimfurahisha kuliko sifa yoyote. Hata mjukuu wake, Lusekelo, alimvalisha Mwandani kwa mkono wake mwenyewe.

Jumanne ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Lusekelo alirudi nyumbani saa sita mchana, akasimama mlangoni na sare yake bila kuvua viatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtihani umekwendaje?"

"Sijaandika."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. "Hujaandika swali gani?"

"Sijaandika chochote. Maswali niliyajua, Bibi. Yote niliyajua. Si tulivuliwa Mwandani mlangoni? Nikakaa, nikashika kalamu. Nilikuwa nakusubiri."

"Kunisubiri mimi?"

"Useme tuanze."

Hakuwa peke yake. Sheria hairuhusu mashine yoyote katika chumba cha mtihani, na kati ya watoto hamsini waliokuwamo, thelathini na wanane walikaa na kalamu mkononi mpaka kengele ikalia. Msimamizi alidhani wamegoma, akawatishia. Wengine walikuwa wakilia kimyakimya, macho kwenye karatasi. Wangepewa nafasi ya kurudia baada ya wiki tatu, na anayeshindwa hapo angesubiri mwaka mzima.

Mwalimu Tulinagwe alijitanda kanga, akapanda treni ya waya ipitayo juu ya mapaa hadi makao ya kampuni ya Mwandani. Njiani alikuwa akihesabu hatua zake za kazi kwa vidole. Kwanza unamwita mtoto. Kisha unakaa naye bega kwa bega. Kisha unakaa naye kimya. Mwisho, unaondoka chumbani. Wiki tatu za mwisho alikuwa anafika kwa watu saa yake ileile, anampita mtoto sebuleni bila neno, anakwenda kukaa jikoni na mama mwenye nyumba. Anachambua mchele, anamenya ndizi, na sikio liko sebuleni. Siku za mwanzo mtoto anachezea rula. Siku moja kiti kinavutwa bila kuitwa na mtu. Siku hiyo Mwalimu anakunywa chai yake, anaaga, na kazi imekwisha.

Injinia Ambokile alimpokea kwa heshima zote, akamvutia kiti. Alikuwa tayari ana habari za mtihani.

"Tunalishughulikia, Mwalimu. Tumeiandikia wizara iruhusu Mwandani katika chumba cha mtihani."

"Sikuja kwa hilo. Wiki tatu za jikoni ziko wapi?"

Injinia alikohoa kidogo. "Zilinaswa zote. Lakini tulipochambua kumbukumbu, tuliona wiki zile ulikuwa hufundishi. Ulikuwa unamenya ndizi."

"Wiki hizo ndizo nilizokuwa nafundisha."

"Mashine haiwezi kukaa jikoni, Mwalimu."

"Inaweza kunyamaza. Usinidanganye, Ambokile, mimi nakujua tangu meno ya utoto. Mlishindwa au hamkutaka?"

Injinia alitazama meza. "Tulijaribu kuinyamazisha. Baada ya wiki tatu watoto walikuwa wanakivua kipete wenyewe na kukiweka kabatini. Wakubwa wakauliza, sasa kampuni itaishi kwa nini?"

Mwalimu alihisi damu inampanda kichwani. Jamani, mtu akikuibia kuku utasema alikuwa na njaa. Huyu amechukua sauti ya mwanamke aliyemlea, akaifanya kamba ya kufungia watoto wa wenzake, halafu anamvutia kiti akae.

"Nilikaa jikoni kwa mama yako siku kumi na tisa," alisema. Hakupandisha sauti. "Sijapata mtoto mzito wa kuanza kama wewe. Mama yako alikata tamaa, mimi nikamwambia tumenye tu ndizi, ataanza. Siku ya ishirini ulianza. Umesoma mpaka ukawa injinia kwa sababu mimi niliondoka. Hawa umewanyima hicho hicho kilichokufikisha hapa."

Shukrani ya punda ni mateke, na hii ilikuwa imempata Mwalimu mbavuni.

"Toeni sauti yangu humo."

"Mkataba, Mwalimu..."

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni.

Alasiri ile ile alimvua Lusekelo kipete, akakifungia sandukuni, akaenda jikoni. Siku kumi na tatu alimenya ndizi ambazo hakuna wa kuzila, majirani wakagaiwa mpaka wakaanza kuuliza kuna sherehe gani. Sebuleni mtoto alisinzia, alichora chora, siku moja alilia na kumwita, "Bibi, sema basi." Mwalimu aliuma kanga, akanyamaza. Hakuna somo lililowahi kumwuma kama lile.

Siku ya kumi na nne, saa kumi na dakika tano, kiti kilivutwa. Daftari likafunguliwa. Rula ikagonga meza, kisha kalamu ikaanza kukwaruza karatasi, polepole, halafu bila kusita.

Mwalimu alifuta machozi kwa kiganja. Alikuwa anajimiminia chai aliposikia, kutoka dirisha la nyumba ya pili, sauti yake mwenyewe, changa na ya upole, ikimwambia mtoto wa watu, "Usijali, mwanangu. Niko nawe siku zote."

Hakuwahi kumwambia mtoto yeyote maneno hayo; kampuni ndiyo iliyoyatunga kwa sauti yake. Aliiacha chai, akapita sebuleni bila kumsemesha Lusekelo, na Lusekelo hakuinua kichwa. Akatoka, akavuka ua, kisu na ndizi mkononi, akapiga hodi kwa jirani.

"Karibu, Mwalimu," mama wa nyumba ile alisema, akishangaa. "Mbona na ndizi?"

"Mvue mwanao hicho kipete," alisema Mwalimu Tulinagwe, "halafu unionyeshe jiko lako liko wapi."