Nani Amefunua Kikapu?

Sikitu alikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa kutazama maharage.

Kila siku baada ya shule, Sikitu alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko la kuni. Maharage yalikuwa kwenye sufuria. Sufuria ilikuwa kwenye moto.

Toko, toko, toko, yalisema maharage.

Maji yakipungua, Sikitu aliongeza maji. Moto ukipungua, Sikitu alipepea. Fu, fu, fu. Moshi ukimwingia machoni, Sikitu alilia kidogo, kisha aliendelea na kazi.

Maharage hayana haraka. Yanaiva yanapotaka yenyewe.

Nje, watoto walicheza rede. Pa! Mpira ulimpiga mtu. Watoto wakacheka.

"Sikitu! Njoo tucheze!" aliita rafiki yake, Mwajabu.

"Siwezi," alisema Sikitu. "Natazama maharage."

Sikitu alitaka kucheza rede. Alitaka sana. Lakini maharage yakiachwa peke yake, yanaungua.

Sasa, Mama yake Sikitu alipenda kujaribu vitu. Alipenda vitu vya jikoni visivyomaliza miti, visivyoleta takataka.

Siku moja alifunga maandazi kwa majani ya mgomba, badala ya mfuko. Mbuzi alikula majani ya mgomba. Maandazi pia alikula.

"Basi, tumejaribu," alisema Mama.

Jumamosi asubuhi, Mama alirudi na kikapu.

Kilikuwa kikubwa. Kilikuwa na tumbo. Ndani kilikuwa na mito ya sufi, chini na pembeni. Juu kilikuwa na mto mwingine, mnene, wa kufunikia.

"Hiki kinapika," alisema Mama.

Sikitu alichungulia chini ya kikapu. "Moto uko wapi, Mama?"

"Hakuna moto."

Babu naye alichungulia. "Na moshi?"

"Hakuna moshi, Baba."

Babu alikaa chini. Alihitaji kukaa.

"Kimeshonwa na Bi Somoe wa kule bondeni," alisema Mama. "Ametuazima tujaribu leo. Unachemsha maharage kidogo tu. Unaweka sufuria ndani. Unafunika. Joto linabaki humo humo, linapika lenyewe. Kuni hazimaliziki."

Sikitu aliwaza. "Na nani anayatazama?"

"Hakuna."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mwanangu."

Moyo wa Sikitu uliruka. Uliruka juu, ukarudi, ukaruka tena.

"Jioni Bi Somoe atakuja," alisema Mama. "Maharage yakiwa yameiva, atatushonea kikapu chetu. Yasipoiva, anachukua kikapu chake."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi kwenye kigoda."

Kisha Mama akainua kidole. "Sharti ni moja. Kikapu hakifunuliwi. Joto likitoka, limetoka."

"Hakifunuliwi," alisema Sikitu.

"Hakifunuliwi," alisema kaka yake, Hemedi.

"Nani afunue?" alisema Babu. "Mimi nina kazi zangu."

Maharage yalikuwa yamelala kwenye maji usiku kucha. Mama akayabandika motoni.

Toko, toko, toko.

Akaipua sufuria, ikiwa na mfuniko wake. Akaiweka kikapuni. Akafunika kwa ule mto mnene.

Hakuna moto. Hakuna moshi. Kikapu kimya.

Sikitu akaenda kufagia uwanja. Akimaliza, atacheza rede. Fya, fya, fya, ulisema ufagio.

Jikoni, Babu alipita. Alisimama mbele ya kikapu.

"Hodi," alisema Babu.

Kikapu hakikujibu.

Babu aliangalia kulia. Babu aliangalia kushoto. Funua! *Fyuuuuu!* Mvuke ukatoka. Funika!

"Nimesalimia tu," Babu aliuambia ukuta. Akaenda zake.

Hakuna moto. Hakuna moshi. Kikapu kimya.

Jikoni, Hemedi alipita. Alikuwa anatafuta mpira wake. Alitafuta nyuma ya mtungi. Alitafuta chini ya kinu. Kisha akaona kikapu.

Funua! *Fyuuuu!* Mvuke ukatoka. Funika!

Mpira haukuwemo. Yalikuwemo maharage.

Hakuna moto. Hakuna moshi. Kikapu kimya.

Jikoni, Mama alipita. Alikuwa na kijiko mkononi. Sijui kilifikaje.

"Naonja chumvi tu," alisema Mama.

Funua! *Fyuuu!* Mvuke ukatoka. Funika!

Chumvi ilikuwa haijatiwa bado. Mama alijua, maana yeye ndiye hutia.

Hakuna moto. Hakuna moshi. Kikapu kimya.

Sikitu alimaliza kufagia. Akaegesha ufagio. Sasa anakwenda kucheza!

Lakini miguu yake haikwenda nje. Ilikwenda jikoni. Miguu ilishazoea.

"Nawaaga tu," Sikitu aliyaambia maharage.

Funua. *Fyu.* Mvuke ukatoka. Ulikuwa mdogo sana. Funika.

Adhuhuri ilifika. Mama aliita watu wote jikoni. Akafunua kikapu.

Hakukuwa na mvuke.

Mama alichukua punje moja ya maharage. Akaitafuna. *Ka!*

Hemedi alichukua moja. *Ka!*

Babu hakuchukua. Babu ana meno mawili na anayapenda.

"Magumu," alisema Mama.

"Nilijua," alisema Babu. "Chakula bila moto si chakula."

"Nani amefunua kikapu?" aliuliza Mama.

Babu alitazama dari. Hemedi alitazama dari. Mama mwenyewe alitazama dari. Dari haikuwa na kitu.

Sikitu alitazama miguu yake.

"Mimi," alisema Sikitu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifunua mara moja."

Akaanza kulia. Safari hii haukuwa moshi. Aliona kigoda. Aliona jiko. Aliona jioni zote za maharage, na Mwajabu akimwita, na yeye akisema siwezi.

Babu alikohoa. "Huenda na mimi nilisalimia kidogo."

"Mimi nilitafuta mpira," alisema Hemedi.

Mama alificha kijiko mgongoni. "Mimi nilionja chumvi," alisema.

"Hujatia chumvi," alisema Babu.

"Najua, Baba."

Wote wakatazama kikapu.

Mama alimfuta Sikitu machozi kwa ncha ya khanga. "Jioni bado," alisema. "Tuchemshe tena."

Toko, toko, toko. Sufuria ikarudi kikapuni. Mto ukafunika.

Hakuna moto. Hakuna moshi. Kikapu kimya.

Sikitu akakaa sakafuni. Akakikumbatia kikapu kwa mikono yote miwili. Mikono haikufika upande wa pili, lakini ilijitahidi.

Mwajabu alikuja mlangoni. "Sikitu! Tumepungua mmoja. Njoo!"

"Siwezi. Nalinda kikapu."

Mwajabu alikitazama kikapu. "Kwani kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote."

"Sasa unalinda nini?"

"Watu," alisema Sikitu.

Mwajabu alifikiri kidogo. "Haya," alisema. Akaenda.

Babu akaja na bakora yake. Ko, ko, ko. "Napita tu."

"Pita, Babu," alisema Sikitu.

Babu akapita. Akafika mwisho wa jikoni. Akageuka. Ko, ko, ko. "Napita tena."

"Pita tena, Babu."

Hemedi akaja. "Mpira wangu huenda—"

"Uko juu ya paa," alisema Sikitu.

Hemedi akatoka nje kutazama. Kweli, ulikuwa juu ya paa.

Mama akaja na kijiko. "Chumvi—"

"Mama," alisema Sikitu.

"Haya," alisema Mama. Akaondoka na kijiko chake.

Mchana ukaenda. Jua likaingia dirishani, likatambaa sakafuni. Kuku akalia mbali. Kikapu kilikuwa na joto. Mto ulikuwa laini.

Sikitu aliegemeza kichwa juu ya mto. Kidogo tu.

Jicho moja likafumba. Jicho la pili likafumba.

Khoo, phyuu. Khoo, phyuu. Sikitu alilala.

Ko, ko, ko. Babu alikuja. Aliangalia kulia. Aliangalia kushoto. Akanyoosha mkono aufunue mto.

Juu ya mto kulikuwa na kichwa cha Sikitu.

Babu alitafakari. Akitaka kufunua mto, lazima ainue kichwa. Akiinua kichwa, mtoto ataamka. Mjukuu wake alikuwa amelala vizuri sana, mdomo wazi.

Babu akarudisha mkono. Hakuondoka. Alisimama tu.

Hemedi alikuja. Akaona. Akasimama.

Mama alikuja. Akaona. Akasimama na kijiko chake.

Watu wote walisimama wakizunguka kikapu. Hakuna aliyefunua.

Mama alimfunika Sikitu kwa khanga. Kuku akaingia, *ko-ko-ko*. "Shii," alinong'ona Babu. "Shii, mama. Watu wamelala." Kuku akatoka.

Wakangoja. Khoo, phyuu. Khoo, phyuu. Kilichosikika jikoni ni hicho tu.

Jua lilipokuwa linazama, mtu aliita nje.

"HODI!"

"Shhhhh!" walisema Babu na Hemedi na Mama.

Alikuwa Bi Somoe, mshona vikapu. Aliingia kwa kunyata. "Hodi," alinong'ona.

"Karibu," wakanong'ona wote.

Bi Somoe alimtazama Sikitu. Alikitazama kikapu. "Mtoto ni sehemu ya mapishi?" aliuliza.

"Leo, ndiyo," alisema Mama.

Sikitu alifumbua jicho moja. Alifumbua jicho la pili. Shavu lake lilikuwa na alama za mto.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kimefunuliwa hiki?"

Sikitu alikaa wima. "Asubuhi kilifunuliwa. Tulifunua wote. Tangu mchana sijui. Nililala."

"Hakikufunuliwa," alisema Babu. "Tulikuwa hapa hapa. Tuliona."

"Haya, funua," alisema Bi Somoe.

Sikitu alishika mto. Akafumba macho. Akafunua.

*FYUUUUUUUUU!*

Mvuke ulijaa jikoni. Harufu ya maharage ilijaa jikoni. Miwani ya Babu ikawa myeupe.

Mama alichukua punje moja. Hakuitafuna. Aliibonyeza kwa vidole.

*Pwi.*

"Laini," alisema Mama. Neno likamponyoka tena: "Laini!"

Sikitu alifumbua macho.

Mama akatia chumvi, safari hii kweli. Akatia na tui la nazi. Akampa Babu bakuli la kwanza.

Babu alikula polepole. Wote walimtazama mdomo.

"Huenda ni bahati tu," alisema Babu. Akaomba bakuli la pili ahakikishe.

Alihakikisha bakuli la pili. Akataka kuhakikisha la tatu.

"Nitawashonea chenu," alisema Bi Somoe.

"Kiwekee kufuli," alisema Babu.

"Kufuli la nini, Baba?" aliuliza Mama.

"La Hemedi," alisema Babu, akala.

Kikapu chao kilikuja wiki iliyofuata. Hakikuwa na kufuli.

Siku hiyo baada ya shule, maharage yalikuwa kikapuni. Mama alikuwa bustanini. Babu alikuwa amekalia mikono yake miwili, kwa hiari yake.

Na Sikitu alikuwa nje, katikati ya uwanja, kwenye rede.

Mwajabu alirusha mpira. Pa! Ulimpiga Sikitu palepale, mpira wa kwanza kabisa.

"Umetoka!" walipiga kelele watoto.

"Nimetoka!" alipiga kelele Sikitu. Aliruka kwa furaha. Watoto walimshangaa.

Alicheza mpaka giza likaanza kuingia. Alirudi na vumbi miguuni, vumbi masikioni, na vumbi mahali ambapo Mama hakujua vumbi linafika.

Akaoga. Akala maharage. Akapanda kitandani.

Mama alikaa kando yake, akamfunika shuka. "Ulishinda?"

"Hapana, Mama. Nilipigwa mpira wa kwanza."

"Pole, mwanangu. Ulisikitika?"

"Hapana," alisema Sikitu. Macho yalikuwa yanafumba. "Nilicheza tena. Nikapigwa. Nikacheza tena."

"Na kesho?"

Lakini Sikitu alikuwa ameshalala, akicheka usingizini.