Sanduku Lililobadilishwa kwa Beseni

Katika nyumba ya Mama Vifungo, siku ilianza kwa mlio wa cherehani. Mama huyu alikuwa fundi wa nguo. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu vifungo vilimfuata kila alikokwenda. Vilikuwa mfukoni, vilikuwa kitandani, na siku moja mumewe alikikuta kimoja ndani ya kikombe cha chai.

Chumba cha mbele kilikuwa chumba cha kazi. Kulikuwa na meza ya kukatia, cherehani, pasi na marobota ya kitambaa cha buluu. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa humo humo. Skrini yake ilikaa juu ya meza. Sanduku lake jeusi lilikaa sakafuni, katikati ya vipande vya nguo. Kompyuta hiyo ilikuwa imezeeka. Ikiwashwa, sanduku lilinguruma kama mashine ya kusaga. Lilipata joto hata paka akapenda kulala juu yake. Baada ya robo saa, kompyuta ilijizima yenyewe.

Mume wa Mama Vifungo alikuwa mwoka mikate. Alikuwa mtu mpole, lakini kompyuta ile ilimshinda. Siku ya Ijumaa alirudi na mpya. Ilikuwa kompyuta mpakato, yaani ile ndogo inayokunjwa kama kitabu, ambayo mtu anaweza kuipakata mapajani. Nyumba nzima ilifurahi.

Jioni hiyo alipita mzee mmoja anayekusanya vyuma chakavu. Alitembea na mizani begani, kwa hiyo watu walimwita Mzee Mizani. Yeye alipenda kubadilishana vitu. Ukimpa sufuria lililotoboka, anakupa kikombe. Ukimpa chuma kizito, anakupa ndoo au beseni. Mama Vifungo alimwita. Alitafakari vizuri kabla ya kutoa kitu. Skrini ndiyo iliyokuwa na maandishi yake yote, kwa hiyo aliifunga kwa shuka na kuiweka juu ya kabati. Sanduku lilikuwa la kunguruma tu. Akampa Mzee Mizani sanduku, naye akapewa beseni jekundu.

Siku ya pili, Jumamosi, Mama Vifungo aliamka mapema. Kazi kubwa ilikuwa inamngoja. Alikuwa amekubaliana na mwalimu mkuu wa shule ya jirani kushona sare za wanafunzi sitini na wanne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi ya shule nzima. Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya siku tisa. Wanafunzi alikwisha kuwapima kabla ya likizo. Sasa wote walikuwa wametawanyika kwa ndugu zao, mbali na karibu, na hapakuwa na njia ya kuwapima tena.

Vipimo vyote vilikuwa katika kompyuta. Mama Vifungo alikuwa amejifunza kusoma na kuandika miaka miwili tu iliyopita, katika darasa la watu wazima. Orodha ile aliichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa siku kumi na moja. Alipomaliza, hakuona tena haja ya daftari la zamani. Alilichana, akazigeuza karatasi zake kuwa vielezo vya kukatia kola.

Alifungua kompyuta mpya. Ilikuwa tupu. Hilo halikumshtua, kwa maana vipimo havikuwa humo. Alishusha skrini ya zamani, akaichomeka kwenye umeme, akangoja. Skrini iliwaka. Yalitokea maneno mawili tu: Hakuna mawimbi. Kisha giza.

Aliizima, akaiwasha. Maneno yale yale. Aliifuta kwa kitambaa. Aliigonga mgongoni kidogo, kama anavyogongwa mtu aliyepaliwa. Alijiuliza mawimbi gani yanatakiwa na yanapatikana wapi.

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa akiishi nao. Alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akitazama mambo hayo.

"Wifi, imekununia hiyo," alisema. "Jana uliisifu ile mpya mbele yake."

"Niache, wifi. Sare sitini na nne zimo humu ndani."

Wifi aliona kwamba mwenzake hakucheka. Akatema povu, akashauri wampelekee fundi kompyuta. Huyo alikuwa mwanamke kijana, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu nyuma ya duka la dawa. Mama Vifungo aliibeba skrini kifuani kama mtoto mgonjwa, na wifi akamfuata na waya.

Fundi aliwaamkia, akaitikiwa, akawapa viti. Mama Vifungo alimweleza kila kitu kwa mpangilio: orodha, siku tisa, na mawimbi yaliyokosekana. Fundi alisikiliza. Kisha alitazama nyuma yao, kana kwamba kulikuwa na mzigo mwingine unaokuja.

"Mama, sanduku lake liko wapi?"

"Sanduku lipi, mwanangu?"

"Lile jeusi. Wengi huliita sipiyu."

"Lile la kunguruma? Hilo nililitoa jana. Mimi nilibakiza hili lenye maandishi."

Fundi aliweka bisibisi yake mezani polepole.

"Nikuulize kitu," fundi alisema. "Asubuhi ulijitazama kwenye kioo?"

"Nilijitazama."

"Ulipoondoka, sura yako ilibaki ndani ya kioo?"

"Itabakije? Niko nayo hapa."

"Na skrini ni vivyo hivyo, mama. Inaonyesha tu, haitunzi kitu. Kinachotunza maandishi kinaitwa diski, na diski imo ndani ya sanduku."

Mama Vifungo alimtazama fundi, akaitazama skrini. Jambo hilo halikumwingia. Maandishi aliyaona hapa. Aliyafuata kwa kidole hapa hapa, mstari kwa mstari, na alama ya kidole chake ilikuwa bado ipo. Aliuliza tena, na fundi akaeleza tena bila kuchoka. Alipouliza mara ya tatu, kichwa chake kilikwisha kuelewa. Moyo ndio uliokuwa unakataa.

"Kwa hiyo watoto wangu wote," alisema, "niliwabadilisha kwa beseni."

Fundi alifunga kibanda chake papo hapo, akaenda nao. Walipitia nyumbani kuchukua beseni, na wifi akamwaga nguo alizokuwa ameloweka. Njiani Mama Vifungo alikuwa akihesabu vidole bila kujua anahesabu nini.

Uwanja wa Mzee Mizani ulikuwa nyuma ya gereji. Kila kitu kilikaa kwa jamaa yake: bati na bati, shaba na shaba, plastiki na plastiki. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nyundo mkononi. Sanduku jeusi lilikuwa mbele yake. Lilikuwa limefunguliwa ubavu.

Mama Vifungo alimsalimu kwa heshima na kuweka beseni chini. Alisema kwamba anaomba kurudishiwa sanduku lake. Mzee alilitazama lile beseni lililolowa.

"Nguo zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Baba, hatuna muda wa utani," alisema wifi, ambaye hakuwahi kusema maneno hayo tangu azaliwe.

Mzee hakuwa mtu mgumu. Alisema sanduku walichukue, ila amekwisha kulitoa matumbo. Waya zake zilikuwa kwenye lundo, zikingojea kuchomwa moto ili shaba ibaki. Kile chuma kizito cha ndani alikitupa kwenye pipa la alumini.

Fundi alimwomba asizichome waya. Alimweleza kwamba moshi wa plastiki ile una sumu, unaingia kifuani, na jivu lake linabaki kwenye udongo ambao watu wanakanyaga. Ni afadhali kuzimenya kwa kisu. Kisha aliinama juu ya pipa, akatoa diski, kipande kizito cha ukubwa wa daftari dogo. Akatoa na ya pili. Akatoa ya tatu na ya nne. Zote zilifanana.

Mama Vifungo alizihesabu kwa kidole. "Jana nilitoa sanduku moja. Diski zimezaana?"

Mzee alisema nyingine ni za watu wengine, na kwamba kwake yeye zote ni alumini. Wifi alishauri wazichukue zote wakazifungue. Fundi alikataa. Alisema ndani ya diski kuna barua za watu, picha zao, hata siri zao za benki. Kuifungua diski ya mtu bila ruhusa ni kama kuingia chumbani kwake. Basi walisimama wakizitazama zile nne, na jua likazidi kupanda.

Ndipo fundi alipoangalia ndani ya sanduku. Alicheka kidogo, kisha akamwita Mama Vifungo aje aone. Ndani kulikuwa na tabaka nene la vumbi la vitambaa, kama blanketi. Feni ndogo inayopoza kompyuta ilikuwa imefungwa kwa nyuzi, haikuweza kuzunguka.

"Kompyuta yako haikufa, mama. Ilikuwa inakosa pumzi. Ilivuta uchafu wote wa sakafuni mwako."

Mama Vifungo alikuwa amekwisha kurudi kwenye zile diski, akizigeuza moja moja. Katika matundu ya skrubu ya diski ya tatu kulikuwa na uzi ulionasa. Ulikuwa wa buluu.

"Hii," alisema. "Huu uzi ni wangu."

Walimwachia Mzee Mizani beseni, wakabeba sanduku, waya zake na diski ile. Kibandani, fundi aliunganisha diski na kompyuta yake kwa waya. Diski ilizunguka kwa sauti ndogo. Fundi alieleza kwa sauti ya chini kwamba diski iliyotupwa inaweza kuwa imeumia, na kwamba hawezi kuahidi. Kisha safu za namba zilitokea. Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Mama Vifungo alisoma mstari wa kwanza kwa kunong'ona, akasoma wa pili. Alisoma mpaka wa sitini na nne, na fundi akamwacha asome.

Baada ya hapo fundi alimwuliza kuna nini kingine katika diski. Mama Vifungo alidhani hakuna. Wifi alimpigia simu kaka yake kwenye kiwanda cha mikate. Ikagundulika kwamba mwoka mikate alihifadhi humo picha za vitambulisho vya familia na barua za benki. Vyote hivyo vilikuwa vimelala usiku kucha ndani ya pipa la alumini. Wifi alikimbia nyumbani kuleta kompyuta mpya, na fundi akavihamishia vyote humo. Alinakili orodha ya vipimo kwenye flashi pia, kijiti kidogo cha kuhifadhia maandishi, akasema flashi isikae pamoja na kompyuta, maana mwizi au moto huchukua vyote viwili. Ndipo akaisafisha diski ya zamani. Mama Vifungo aliuliza kwa nini haikutosha kuyafuta tu maandishi kama afanyavyo siku zote.

"Kufuta vile ni kuficha chini ya zulia," fundi alijibu. "Anayejua atafunua. Kabla kompyuta haijatoka nyumbani, nakili vilivyo vyako, kisha diski isafishwe kabisa."

Jumanne fundi aliirudisha kompyuta ya zamani ikiwa nzima. Alikuwa ametoa vumbi, akabadilisha feni, akarudisha waya na diski mahali pake, akaweka programu upya. Iliwaka kimya. Mume aliitazama, akaitazama mpya, akachanganyikiwa.

"Sasa ile nyingine tumenunua ya nini?"

Fundi hakumficha. Alisema wangeisafisha kwanza kabla ya kununua, huenda wasingenunua mwaka huu. Lakini ya zamani ni nzito kwa picha na mtandao. Kwa kuandika tu, inatosha kabisa. Wangeweza kumpa mtoto wa shule, au ofisi ndogo, au kuibakiza iwe ya vipimo peke yake. Siku ikifa kabisa, apelekewe yeye fundi achukue vipuri, na mabaki yaende kwa wanaojua kuyavunja bila moshi. Isitupwe jalalani.

Mama Vifungo hakufikiri sana. Darasa lao la watu wazima lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, na kompyuta haikuwepo hata moja. Alhamisi waliipeleka, skrini na sanduku. Aliwaambia wenzake iwekwe mezani, si sakafuni, na ifunikwe wakati wa kufagia. Muuza samaki wa darasa lile alikuwa wa kwanza kuketi. Alichapa jina la biashara yake, akakataa kuinuka.

Nyumbani, cherehani haikupumzika. Wifi alisoma vipimo kwa sauti kutoka kwenye kompyuta mpya. Mama Vifungo alikata na kushona. Mwoka mikate alirudi kutoka kazini kila siku na kupewa sindano ya kushonea vifungo.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Wanafunzi walipanga mstari, wakavaa, wakatoka mmoja mmoja mbele ya mwalimu mkuu. Sitini na watatu sare ziliwakaa sawa. Wa mwisho, msichana mrefu, alitoka na sketi iliyoishia juu ya magoti. Mwalimu mkuu alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alimtazama msichana, na kwa dakika nzima hakuelewa. Namba aliisoma mara mbili.

"Nilirefuka likizoni," msichana alisema kwa aibu.

Mama Vifungo alipiga magoti. Alifumua pindo, ambalo siku zote aliliacha pana, akalishusha, akalishikiza kwa pini. Akampima upya. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia kwamba na za mwakani azishone yeye.

Jioni Mama Vifungo aliketi mbele ya kompyuta. Aliutafuta mstari wa sitini na nne. Akafuta namba ya zamani, akachapa mpya kwa kidole kimoja, akahifadhi. Kisha akaenda chumbani kuchukua flashi.