Gari Lililowaka Bila Betri

Karimu alipomimina maji ya moto juu ya betri, kitu kililia chini yake. Kilio chembamba, kifupi, kama cha mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Aliinama akachungulia, asione hata paka. Kulikuwa na ule unga mweupe tu unaoota kwenye vichwa vya betri iliyolala muda mrefu, nao ulikuwa unayeyuka vizuri, basi akamalizia birika lote.

Mtu aliyezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, aliyefunzwa na mama yake asimwage maji ya moto kabla ya kusema Bismillahi, maana hujui ni jini gani amelala pale, anafanyaje jambo kama hilo? Haraka. Wazee walisema haina baraka, lakini fundi mwenye mteja anayepiga simu kila dakika hakumbuki maneno ya wazee.

Gari lilikuwa Corolla kuukuu ya Gaspard wa Musaga. Petroli ilipoadimika mjini, Gaspard alilisukuma hadi nyuma ya ghala bovu huko Zone Industrielle, kwenye viwanda, likakaa mwaka mzima vioo vikiwa wazi. Sasa alikuwa amepata bidoni ya petroli, akalivuta hadi gereji kwa Karimu, na alitaka gari lake kabla ya jioni. Ilikuwa Ijumaa, mtaa mzima umekwenda msikitini. Karimu alibaki gereji na mdogo wake Djibril, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na ambaye mkewe, Yasmina, alikuwa ametoka tu kujifungua mtoto wao wa kwanza.

Betri ya Gaspard ilikuwa imekufa kabisa, wakaweka ya gereji, iliyojaa moto, yaani chaji. Gari liliwaka, lakini ile taa nyekundu ya betri mbele ya dereva haikuzimika. Karimu akapima: moto ulikuwa unashuka huku injini inazunguka.

"Kaka, alternateri haichaji," alisema Djibril.

Karimu aliifungua. Makaa yake ya kupitisha umeme mapya. Nyaya nzima, mkanda umekaza. Alipoirudisha, betri ya gereji ilikuwa imekwisha, na ya baridi kana kwamba imetoka friji. Waliweka nyingine, ikaanza kuliwa vilevile. Tena kulikuwa na harufu, harufu ya ngozi iliyochemshwa, na wote wawili waliisikia, wakaendelea na kazi.

"Ingia mu gari, ukanyage kidogo," alisema Karimu. "Mi natoa waya ya batri. Moteri ikizima, basi ni alternateri haitoe moto."

Ni njia ya mkato ya mafundi wa kwetu. Kwenye vyuo wanaikataza. Karimu akachomoa waya. Injini haikuzima. Ilinguruma zaidi, na taa za mbele zikawaka zenyewe, kali, mchana kweupe.

"Ah, basi alternateri ni nzima!" Karimu alicheka. Kisha akatazama chini. Mkanda ulikuwa umekatika, umelala kwenye mafuta, na alternateri imesimama kimya. Betri imechomolewa, alternateri haizunguki. Taa zinakula wapi?

"Djibril, zima!"

Djibril hakujibu. Kupitia kioo Karimu alimwona mdogo wake amegandia usukani, mishipa ya shingo imetutumka, damu inamtoka puani na masikioni, na kila taa zilipozidi kuwaka uso wake ulizidi kunywea, mashavu yakaingia ndani, midomo ikakauka ikapasuka, na ile harufu ikapanda hadi Karimu akatapika huku anakimbilia mlango. Mlango ulifunguka wenyewe, ukamngoja aingize mkono, ukajifunga. Vidole viwili vilivunjika. Alijinasua kwa kelele, akachukua spana ya magurudumu, akapiga kioo, na vipande vyote vikaruka kumrudia yeye, vikamchana kifua. Akaingiza mkono mzima dirishani, akamvuta Djibril kwa nguvu za mwendawazimu, mpaka bega la kijana likalia na kutoka mahali pake.

"Usimuvute," ilisema sauti ya mwanamke, polepole, kutoka kinywani mwa Djibril. "Utamupasua."

Karimu alisoma Ayatul Kursiyu, aya ya kufukuzia majini. Sauti ilimsubiri amalize.

"Amina," ikasema. "Na sisi ni Waislamu. Ulimumwangia mutoto wangu maji ya moto. Alikuwa amelala. Macho yake yote mbili imeiva."

"Nisamehe, mama. Sikumuona."

"Na yeye haone tena."

Taa zikapanda. Jino la Djibril likadondoka kwenye paja lake.

"Basi kamata yangu!" Karimu alinong'ona. "Macho yangu. Huyu umuache, ana mutoto mudogo."

"Mbili."

Buyenzi hatununui hata kitunguu bila kuvutana bei, na woga haukumwondolea Karimu tabia hiyo.

"Moja, mama. Mi ni fundi. Nikipofuka nitawalisha nini bana bangu? Moja, nakuomba."

Injini ikapungua kidogo.

"Leta moja."

Karimu alichukua chupa ya asidi ya betri, akainua uso, akaishikilia kope ya jicho la kushoto kwa vile vidole vilivyovunjika, akamimina. Mayowe yake yaliwatoa watu msikitini kabla ya salamu ya mwisho. Walimkuta anagaragara kwenye mafuta, gari limezimika, na Djibril amelala pembeni yake, anapumua.

Djibril alipona. Bega lilirudi, mashavu yakajaa. Siku ya akika ya mtoto, iliyoahirishwa hadi apone, nyumba yake ilifurika watu na pilau, naye Karimu aliketi kwenye mkeka, jicho lake la kushoto limekuwa jeupe kama maziwa, moyo wake umetulia. Hakujuta. Alimtazama mdogo wake akichekesha wageni, kichanga mikononi, akajiambia kwamba kwa jicho moja alikuwa amepata vya thamani zaidi.

Moshi wa jikoni ukamwingia kwenye jicho zima. Akalifunika kwa leso kulifuta, na jicho lililokufa likaona.

Mwanamke alikuwa ameketi nyuma ya Djibril, nywele zinachuruzika maji, mkono wake umezama mgongoni mwa kijana hadi kiwiko. Mapajani mwake alilala mtoto asiye na macho, anapapasa, anatafuta macho ya kile kichanga.

Djibril aliacha kucheka. Akamgeukia kaka yake, na kwa ile sauti ya polepole akasema, "Imebaki moja."