Darasa la Mwisho Upande wa Jua

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, binti aliketi mezani kumtazama shangazi yake akifanya kazi. Alihamia kwake baada ya mama kwenda kufanya kazi mbali. Shangazi alikuwa mhandisi. Alikadiria kwa kompyuta joto litakalokuwamo ndani ya majengo. Vyumba vinavyopata jua sawa na kutumika sawa alivitia rangi moja, akaviita kanda moja ya joto.

Jioni hiyo alikuwa na mchoro wa shule ya binti. Madarasa ya ghorofani aliyatia bluu yote, akasema huko hakuna haja ya feni, na lile la mwisho watahamia watoto wa chekechea.

Darasa lile binti alilijua mno. Tangu aanze shule ile hakuna aliyemwita kucheza, basi kila alasiri alijifungia humo peke yake akingoja kengele. Ukuta wake wa pembeni ulichomwa na jua la magharibi hadi haugusiki. Lakini alikuwa amemwambia shangazi kwamba ana marafiki tele, tena wanamgombania! Akisema habari za ukuta, uongo wake utajulikana. Akinyamaza, watoto wadogo wataokwa humo kama mikate.

Alijipindapinda kitini mpaka shangazi akamuuliza kama ameingiwa na siafu.

"Shangazi, lile la mwisho si kama mengine. Alasiri linawaka moto."

"Umejuaje? Saa hizo si mnacheza uwanjani?"

"Sichezi. Sina rafiki hata mmoja. Huwa nakaa humo peke yangu." Machozi yakamtoka.

Shangazi akaiacha kompyuta, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akalitoa darasa lile kwenye bluu, akalipa rangi yake lenyewe. Hesabu mpya ilionyesha kwamba linahitaji feni na kivuli ukutani, na chekechea hawakuhamia mpaka vilipowekwa.

"Nimekosea mara mbili, mwanangu," shangazi alikuwa amemwambia jioni ile ile ya mchoro. "Darasa nimelitia kundi moja na mengine kwa sababu yanafanana kwenye mchoro. Na wewe nimekuweka kundi la wenye furaha kwa sababu unaingia nyumbani ukicheka. Mimi nitajifunza kuuliza. Wewe sema ukweli, hata ukiuonea aibu. Usiponiambia unapoumia, nitakusaidiaje?"